Mraba wa Emmaculate

Jumamosi, 7 Septemba

Leo nimechora mtu wangu wa kwanza na amefanana na mkasi ulioachwa wazi. Sista Sarita alimtazama, akauliza kwa upole wake ule, "Mwalimu, huyu anangoja nini?"

Yote yameanzia ukutani. Jumanne nilienda kupima presha kwenye zahanati ya masista hapa Asumbi. Foleni ilikuwa ndefu, nikaegemea ukuta wa nje. Kugeuka, nikakuta ukuta mzima umejaa watu weupe juu ya udongo mwekundu: wanawake wamebeba maji, mwanamume anakwea mti, na msururu wa wachezaji walioshikana mikono wakimzunguka mpiga filimbi kama konokono. Kila mmoja ni pembetatu mbili zilizogusana ncha, duara la kichwa, na vijiti vya mikono na miguu. Hawana macho wala midomo, lakini nilijua nani kachoka na nani anajishaua. Nilisahau hata presha. Ilipopimwa ilikuwa imeshuka, na Sista akaniuliza nimebadilisha dawa gani.

Kumbe mchoraji ni yeye mwenyewe. Kwao ni India, upande wa magharibi, katika vijiji vya Wawarli, na huko wanawake huchora hivyo kwenye kuta za nyumba zao za udongo. Nikamwambia nifundishe. Akasema Jumamosi baada ya chakula cha mchana.

Jumapili, 8 Septemba

Mvua. Nimejaza migongo ya kalenda ya mwaka jana kwa pembetatu.

Alhamisi, 12 Septemba

Damaris amekuja na habari. Huyu ni mke wa Zablon, ndugu wa marehemu mume wangu Joash, na tunaishi boma moja. Emmaculate, binti yao, anaolewa tarehe kumi na nne Desemba. Nilipiga vigelegele hadi mbwa wakabweka.

Mimi na Joash hatukujaliwa mtoto. Emmaculate alikuja kukaa nasi Homa Bay, nilikokuwa nikifundisha, alipoingia kidato cha kwanza, akaondoka akiwa na kazi. Mimi ndiye niliyempangia sanduku la shule, nikamsahihishia insha, nikamuuguza malaria. Ananiita Mama Migori kwa sababu nimezaliwa Ukuryani, upande wa Migori. Damaris ndiye aliyemzaa na hakuna siku tumegombania hilo.

Kisha Damaris akaanza kuzungusha kikombe cha chai. "Lakini nyieka," akasema, maana kwa Kiluo ndivyo wake wa ndugu tunavyoitana, "usikasirike. Mama amesema hiyo siku utakaa tu. Usishike kitu ya harusi. Hata sufuria."

Mama ni Leonida, mama mkwe wetu. Joash tulimzika Februari. Mwaka wa msiba haujaisha, na mjane wa mwaka wa kwanza akigusa mambo ya harusi, bibi harusi anaweza kupata chira, ile laana inayomfuata mtu hadi imkaushe. Leonida hakosi misa, rozari yake imechakaa kuliko zote za jumuiya, lakini chira anaiogopa kuliko jehanamu.

Nilimjibu Damaris kwamba nimesikia. Alipoondoka niliosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi. Nimeumia, na sioni haya kuandika hivyo.

Jumamosi, 14 Septemba

Brashi ya Kiwarli hainunuliwi. Unakata kijiti cha mwanzi, unatafuna ncha yake mpaka ichanike nyuzinyuzi. Nilitafuna njia nzima nikirudi. Damaris alinikuta langoni. "Mwalimu, siku hizi unakula kuni?"

Jumatano, 25 Septemba

Sina budi kuandika aibu yangu yote.

Rangi ni moja tu, nyeupe, nayo ni mchele. Sista aliniambia: mchele, maji na gundi ya mti. Nikatikisa kichwa kama mtu anayejua. Unga na maji mimi nitafundishwa nini? Kwetu unga na maji havikutani ila jikoni. Hata majalada ya madaftari tulibandika kwa uji. Basi nikasaga mchele wa chenga wa dukani kwa Abdirashid, nikaupika uji mzito, nikaupoza, na jana nikachora ngoma nzima nyuma ya jikoni kwangu, kuanzia pembeni hadi dirishani. Nilijisifu peke yangu.

Asubuhi nikatoka na kikombe cha chai niitazame. Kuku wa Damaris walikuwa wamejipanga ukutani kama wanafunzi wa bweni mbele ya sufuria, wakiwadonoa wachezaji wangu kutoka miguuni kupanda juu. Vichwa vilikuwa vimechukuliwa na siafu. Na Leonida amesimama hapo na mkongojo wake.

"Nyar Kuria," akaniita, binti wa Ukuryani, jina alilonipa tangu siku niliyoolewa. "Hiyo watu yako imeisha miguu."

Akageuka akaenda zake, mabega yakimtikisika. Nilikasirika sana. Baadaye ndipo nikakumbuka kwamba hajacheka tangu mazishi.

Jumamosi, 28 Septemba

Sista amekaa chini kwa kicheko. "Umewapikia? Mbichi, Mwalimu! Mchele mbichi!"

Unalowekwa, unasagwa na maji yake mpaka uwe laini kama maziwa. Gundi ndiyo inayoshika. Nimeandika kwa herufi kubwa ubavuni mwa friji.

Jumamosi, 5 Oktoba

Somo la kiuno. Watu wangu husimama wima kama wanapigwa picha ya kitambulisho. Sista akanipa mtungi wa lita ishirini wenye maji, akasema niuinue. Nikainama. "Hapo," akasema, akanigusa mgongoni. "Hapo ndipo pembetatu zinakutana. Iwe nukta tu. Ukiweka nene, mtu amekuwa mlango."

Nikachora tena. Mwanamke wangu wa tatu aliinama. Aliinama kweli! Ningemwita mtu barabarani aje aone. Sijui watu hawa waliwezaje kuupata mwili mzima wa binadamu katika pembetatu mbili, na mimi na elimu yangu nimepita mbele ya watu wanaoinama miaka yote bila kuona wanainamia wapi. Nikitembea sasa naona viuno tu: mama wa omena anayepakua beseni la dagaa, fundi wa baiskeli, padre akisujudu.

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua ya mawe. Mahindi ya Zablon yamelala.

Jumamosi, 12 Oktoba

Emmaculate amekuja kutoka Homa Bay, anakofanya kazi maabara. Alipoona ukuta wa jikoni kwangu, wa mchele mbichi safari hii, alivua viatu akausogelea kama anaingia kanisani.

"Mama Migori, hii ni wewe umechora? Wewe mwenyewe?"

"Kuku ndio walichora."

"Nataka hii kwa harusi. Ukuta ya Dani, yote, pale mbele."

Nyumba ya Leonida, ambaye wajukuu humwita Dani, yaani bibi, ndiyo nyumba pekee ya udongo iliyobaki bomani, na ndiko wakwe watakakopokewa. Nilimwambia akamuulize bibi yake, nikamfuata kwa nyuma, nikasimama mlangoni.

Leonida alikuwa akichambua maharagwe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapana.

"Lakini Dani, ni picha tu!"

"Ni mkono," alisema Leonida. "Picha haina neno. Mkono ya nani?"

Ndipo nikaingia. Nilisema mambo ambayo nilikuwa nimeyameza tangu Septemba. Kwamba huyu mtoto nimemlea. Kwamba mikono hii ndiyo iliyomfunga kitambaa cha maji baridi kichwani alipoweweseka. Kwamba Mungu tunayemwomba pamoja kila Jumapili hana daftari la wajane. Nilipandisha sauti, na kumpandishia mama mkwe sauti si jambo dogo katika boma hili. Damaris alitoka nyumbani kwake akasimama na mwiko wa ugali mkononi.

Leonida hakupandisha yake. Aliendelea na maharagwe.

"Nyar Kuria, mimi nimezika watoto wanne. Joash ndiye wa nne. Pengine wewe unasema kweli, hakuna kitu. Lakini sina mtoto ya kujaribia."

Emmaculate alianza kulia. Nilirudi kwangu nikatumbukiza vijiti vyangu vyote kwenye kopo na kulifunika.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikuandika jana. Sikuchora pia.

Alhamisi, 17 Oktoba

Niko Kehancha kwa kaka yangu Magige. Hapa napumua. Anasema, "Dada, rudi nyumbani. Kipande kile cha karibu na mto ni chako, nitakujengea. Utakaa kwa watu wanaokuhesabu kama kaburi?" Hajakosea. Kama siku ya harusi ya Emmaculate mimi ni wa kukalishwa tu, nafanya nini Asumbi? Nimemwambia nitampa jibu baada ya Desemba.

Udongo wa hapa ni mwekundu mno, ndio rangi anayoisifia Sista kila mara, anasema kwao huusiliba ukutani kabla ya kuchora. Nimemwomba Magige anijazie gunia. Ameuliza wa nini. Nikamwambia sijui, na ni kweli, maana ukuta sina.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimerudi kwa Sista na malalamiko yangu. Alinisikiliza akifunga vidonge kwenye karatasi. Kisha akatoa kikombe chetu cha rangi, akachora kitu ambacho hajawahi kunionyesha: mraba, mipaka yake imeshonwa kwa mistari midogo midogo kama kitambaa cha altare. Ndani akaacha wazi.

Kwao harusi haifungwi mpaka mraba huu uchorwe ukutani. Nje ya mraba ni farasi, miti, ngoma, lolote. Ndani hukaa mama wa uzazi, anayewapa watu na mashamba uhai.

"Mbona hukunifundisha?"

"Kwa sababu sijui. Ndani huchora wanawake walioolewa, na waume zao wawe hai. Mimi tangu mtoto nachora nje tu. Dada yangu alipoolewa nilikuwa nimeshasema naenda utawa. Nikachora miti yote. Mraba walichora shangazi."

"Kwa hiyo wewe sista huruhusiwi."

"Na wewe mjane huruhusiwi."

Tulitazamana. Sijui nani alianza, lakini tulicheka mpaka kikombe kikapinduka na mchele ukamwagika juu ya kanzu yake. Nesi alikuja kuangalia kama tuko wazima. Nilikuwa natokwa na machozi, na si yote yalikuwa ya kicheko. Nilimuuliza kama hakuwachukia. Akafikiri. "Nilichora miti mizuri sana," akasema. Nimeipenda roho ya mwanamke huyu kuliko hata mkono wake.

Alhamisi, 31 Oktoba

Mvua tu. Nimefungua kopo la vijiti.

Jumatano, 6 Novemba

Magoti ya Leonida yamevimba. Zablon amempeleka zahanati kwa bodaboda, yeye na mkongojo wake katikati.

Ijumaa, 8 Novemba

Leonida amekuja kwangu. Hajawahi kukanyaga mlango huu tangu Februari. Nilimpa kiti, akakaa, akaomba chai yenye sukari aliyokatazwa.

"Nimeona ukuta ya Sista," alisema. "Nimeuliza nani alichora, akasema ni yeye. Nikamuuliza na hii ya nyar Kuria ni hiyo hiyo? Akasema ndiyo. Halafu akaniambia ile ya box. Ati huko kwao mjane haweki mkono ndani."

"Ndiyo, Mama."

"Kumbe hata kwao!" Alipiga paja. "Mimi nilidhani ni mchezo. Mtu mzima anatafuna kijiti, nikasema msiba imemwingia kichwani. Kumbe hii kitu iko na sheria. Kitu iko na sheria ni kitu ya watu."

Akanywa chai.

"Ukuta ni yangu. Harusi ni ile box. Wewe chora ukuta. Ndani ya box atachora Damaris, bwana yake iko hai, anakoroma kila siku. Lakini ile mama ya Wahindi sitaki, Padre ataniuliza. Hiyo ya ndani tutaona mimi na Damaris."

Nilitaka kumkumbatia. Badala yake nilimwongezea sukari, naye hakukataa. Miaka yote nilimwona Leonida kama mlango uliofungwa. Leo nimeona mtu aliyekuwa akitafuta, kwa magoti yale, njia ya kunipitisha bila kumhatarisha mtoto.

Alipofika nje akageuka. "Na usiipike."

Jumanne, 12 Novemba

Kukandika. Gunia la Kehancha limepata ukuta wake. Leonida alikaa kwenye kiti akitoa amri: mavi ya ng'ombe wa Zablon yasichanganywe siku ng'ombe amekula nyasi mbichi, maji kidogo, mkono uende mduara. Mimi na Emmaculate tulikandika mpaka mabega yakalia. Ukuta umeiva rangi ya nyama ya kuchoma.

Jumatano, 20 Novemba

Mwanafunzi wangu Damaris hana kipaji hata cha kuazima. Mtu wake wa kwanza ni jiko la mkaa. Wa pili ni jiko la mkaa lenye miguu. "Nyieka, hizi vitu zinakutana wapi?" Nikampa mtungi wa maji auinue. Akauinua, akaubeba hadi jikoni kwake, akapikia.

Jumamosi, 23 Novemba

Mtu wa Damaris bado hana kiuno. Lakini anakuja kila siku, kuni zikiwa kichwani, unga mikononi, na kijiti mdomoni. Nimemuuliza kama anakula kuni. Akanirushia ganda la ndizi.

Jumamosi, 30 Novemba

Mvua imetupa siku tatu za jua na nimezitumia zote. Nimechora soko la samaki la Homa Bay na wanawake wa omena. Bodaboda yenye abiria watatu na mbuzi. Mlima wa Kehancha na ng'ombe wa Magige. Msichana mwenye sanduku la shule. Na ngoma kubwa, watu wakizunguka, kila mmoja na kiuno chake. Leonida alipita na mkongojo, akagusa kila kundi kwa ncha yake, akauliza, "Kuku iko wapi?"

Nimeongeza kuku. Wanamla mchezaji wa mwisho miguu.

Sista Sarita alikuja baada ya misa. Alisimama mbele ya ukuta, akasema maneno ya kwao, akajifuta macho kwa mkono wa kanzu. Kisha akaomba kijiti na kuchora mti mmoja pembeni. Ni mzuri kuliko kazi yangu yote.

Katikati nimeacha mraba mtupu, mipaka imeshonwa.

Jumamosi, 7 Desemba

Damaris ametundika leso mbele ya mraba. Yuko nyuma yake tangu asubuhi na mimi nimekatazwa kusogea. Leonida amekaa kando akimwelekeza kwa Kiluo cha haraka ambacho najua hakisemwi haraka hivyo ila kwa ajili yangu. Mara mbili nimesikia Damaris akisonya. Mara moja nimesikia wote wawili wakicheka.

Magige amepiga simu kuulizia jibu langu. Nimemwambia harusi haijafika.

Jumapili, 15 Desemba

Jana mvua haikunyesha. Naandika hilo kwanza kwa sababu Leonida amelidai, anasema ni yeye aliyeiombea.

Wakwe walifika wakakuta ukuta. Hawakuingia ndani kwa muda mrefu. Wazee walitafuta ng'ombe wao wa mahari kati ya waliochorwa, vijana wakapigana picha na bodaboda. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu upande wa wageni wa mbali, mikono mapajani, kama nilivyoagizwa. Sikushika hata sufuria.

Ndipo Emmaculate, katika gauni lake, akashika ncha ya leso na kuitoa.

Ndani ya mraba kulikuwa na mwanamke mmoja. Pembetatu mbili, kichwa, mikono. Mdomoni, ingawa watu wa Kiwarli hawana midomo, amewekewa kijiti.

Watu wa boma walicheka kwa sauti, halafu wakageuka kunitazama. Damaris alikuwa akitazama viatu vyake. Sikujua kwamba moyo wa mtu unaweza kuwa mpana kiasi hicho: yeye ndiye aliyemzaa, na mahali pale palikuwa pake.

Leonida alikuja mpaka kwenye kiti changu. Alichukua muda, kwa magoti yale.

"Sista alisema ndani ya hiyo box inakaa mama," alisema, kwa sauti ya kusikika na wakwe. "Damaris alizaa. Nani alilea? Mimi nilikataa ushike, nyar Kuria. Sikukataa ukae."

Nililia mbele za watu, na sijali. Emmaculate alinishika mkono, yeye ndiye aliyenishika, akanipeleka hadi ukutani nione vizuri.

Leo asubuhi nimempigia Magige. Nimemwambia ng'ombe wake wamesifiwa na wakwe, na kile kipande cha karibu na mto alime yeye.

Kisha nikaenda peke yangu kutazama mraba. Miguu yote miwili imeelekea kushoto. Kichwa kimeinama kama embe bovu. Na kiuno, baada ya masomo yote yale, ni kipana kama mlango. Mchele ulikuwa umebaki kikombeni na kijiti changu kilikuwa mkononi, tayari kimetafunwa. Nilisimama hapo mpaka Leonida akafungua dirisha kuangalia nafanya nini.

Sikugusa.